Mimi Sili

Saa nne usiku, Ng'ong'ona. Umeme umerudi.
Navaa hedifoni, nafungua faili la mia mbili na tatu.
Kazi yangu ni kusikiliza, kusimamisha, kuandika
sekunde ya ngapi mnyama kalia, na kalia vipi.
Mluzi. Mteremko. Mgoto. Mlio usio na jina.
Nalipwa kwa saa na watu nisiowajua,
waliotoboa barafu huko kusini kabisa mwa dunia
wakashusha sikio la chuma kwenye giza la maji.

Anayelia huko anaitwa sili.
Siku ya kwanza nilicheka. Sili!
Kwetu Bahi hilo ni jibu la mtoto aliyenuna,
sahani kaisukuma, mlenda unapoa.
Na lilikuwa jibu la mama, mwaka ule ghala lilipobakiwa na panya,
alipotumegea ugali wa uwele akageukia ukutani:
"Kuleni. Mimi sili, nimeshiba jua."

Nilitegemea kubweka, au ndama.
Kumbe sauti huanzia juu, nyembamba,
kisha inateremka, inateremka,
inazunguka kama sarafu kwenye sakafu ya saruji
hadi inakuwa mtetemo mdogo wa tumboni.
Kimya. Barafu inapasuka mahali, mbali.
Halafu wanakuwa wawili, watatu,
mmoja anapokea pale mwenzake alipoachia,
kama wanawake wa kwetu kwenye muheme.

Jumapili mama alikuja na karanga na kifundo cha mguu kimevimba.
Nikamvika hedifoni juu ya kilemba.
Akafumba macho. Nikamweleza: ni mnyama,
mnene, masikio yake huyaoni, anaishi chini ya barafu.
"Barafu?"
Barafu anayoijua ni ya ubuyu,
kwenye vifuko, madirishani mwa treni, stesheni ya Bahi.
"Kubwa, mama. Toka hapa mpaka Manyoni, na kupita.
Unene wake mtu juu ya mtu."
"Sasa anapumulia wapi?"

Mimi ilinichukua mafaili hamsini kuuliza hilo.
Nikamwambia, ana tundu. Analitafuna kwa meno
kila siku, maana akililegezea linaziba.
Meno yanalika. Yakiisha

sikumalizia.

Mama akatazama kucha zake.
Kiangazi Mto Bubu ni mchanga mtupu, na jina linaufaa.
Kabla ya jogoo, yeye na mama Chiduo na binti wa Senyagwa
hupiga magoti katikati ya mto, wakachimba kwa kata:
kiwiko, bega, mpaka kichwa kinazama.
Shimo la jana huchimbwa upya leo,
maana kuna upepo, na kuna ng'ombe wa watu.
"Ukiwa humo ndani," alisema, "unaimba.
Usidhani ni raha. Aliye juu akikosa sauti yako
anajua mchanga umeporomoka."

Miaka yote ile nilimsikia toka ukingoni, dumu kichwani,
nikadhani mama yangu anapenda kuimba.

Akavua hedifoni, akanirudishia polepole
kama mtu anayekabidhi mtoto aliyelala.
"Na huyu wako? Juu yake kuna nani?"
Nikasema nitachemsha chai.

Sasa ni faili la mia mbili na nne.
Sekunde ya kumi na tisa: mluzi, unateremka.
Safu ya mwisho, ya maelezo, wameagiza niiache tupu.
Naandika: nimekusikia.
Nafuta.
Nje mbwa wa jirani anabwekea upepo wa Dodoma,
vumbi linapenya chini ya mlango,
na mnyama yule anavuta pumzi, nadhani ni pumzi,
anaanza tena toka juu.
Naandika tena.